Rangi ya Mlango wa Bibi

Mwaka 2007 bibi yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na siku mbili baada ya kufunguliwa bandeji tulirudi naye Pangani kwa basi. Alikaa dirishani, akawa anataja kila kilichopita mbele yake kama mtu anayehakiki mali yake iliyorudishwa: minazi, mashamba ya mkonge, kanga za wanawake waliosimama vituoni, ng'ombe, kisha minazi tena. Kwa miaka kama sita macho yake yalikuwa yakififia. Mwanzo alilalamikia taa kuwa hazina nguvu, baadaye akashindwa kuchambua mchele, na mwisho akawa anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Tulipofika nyumbani alipita ukumbini bila kugusa ukuta, akatokea uani, akasimama kwa kitambo mbele ya mlango wa jikoni, halafu akauliza, "Mlango huu nani kaupaka rangi?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeupaka, ndio mlango ule ule.

"Wangu ulikuwa wa kijani," akasema. "Huu wa buluu."

Mlango ulikuwa wa buluu. Nililetwa kulelewa katika nyumba ile mwaka 1989 nikiwa na umri wa miaka saba, na sikuwa na kumbukumbu hata moja ya mlango ule wenye rangi nyingine. Isitoshe, nilikuwa na maelezo tayari, kwa sababu wakati tukingoja zamu hospitalini nilikuwa nimesoma habari za maradhi yale. Lenzi ya jicho la mwanadamu inapozeeka huanza kuingia umanjano, na kwa mwenye mtoto wa jicho umanjano huo huweza kukolea hadi kuwa kahawia. Lenzi ya namna hiyo huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa buluu usifike nyuma ya jicho, kwa hiyo kitu cha buluu huonekana kimepoa, kimeelekea ukijani au weusi. Kwa kuwa badiliko lenyewe huja kidogo kidogo kwa miaka mingi, mwenye jicho halitambui. Siku lenzi ile inapotolewa na mahali pake kuwekwa nyingine iliyo safi, buluu hurudi ghafla, na wagonjwa wengi husema kwamba dunia imepakwa rangi upya. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyepasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, alihangaika sana kwa sababu hiyo hiyo, akiona vitu vimezidi ubuluu.

Nilimweleza Bibi yote hayo, isipokuwa habari za Monet. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi miaka yote hiyo macho yangu yalikuwa yakiniongopea, nami nayaamini?"

"Hayakuongopa, Bibi. Yalichoka tu."

"Na haya ya sasa nitajuaje kuwa hayajachoka?"

Sikuwa na jibu. Alikwenda kukagua vyombo vyake, akaniacha nimesimama uani na swali ambalo sijaweza kulitua tangu siku ile. Nimelisoma katika vitabu vya watu wa karne mbalimbali, na sijakutana na mahali lilipoulizwa kwa maneno machache zaidi. Ikiwa kila ninachokijua kuhusu ulimwengu kimenifikia kupitia hisi zangu, na ikiwa hisi hizo zinaweza kunipa rangi isiyokuwapo kwa miaka sita bila mimi kuhisi kasoro yoyote, ni kipi kinachonihakikishia kwamba nyuma ya ninachokiona kuna kitu chochote kabisa?

Lugha yetu huziita hisi tano milango ya fahamu, na kwa kuziita hivyo imekwisha kukata shauri kabla ya kesi kusikilizwa. Mlango una ndani na nje; anayesema mlango amekwisha kukiri kwamba kuna aliye nje anayeweza kuingia. Lakini mtu aliyezaliwa katika chumba ambacho hajawahi kutoka, na ambaye maisha yake yote amepokea tu vinavyopitishwa chini ya mlango, ana haki ya kuuliza kama ule ni mlango kweli au ni sehemu ya ukuta iliyochorwa ikafanana na mlango.

Mwaka 1623 mwanasayansi Mwitaliano Galileo aliandika kwamba unyoya ukipitishwa puani huleta mtekenyo, lakini mtekenyo haumo ndani ya unyoya. Umo ndani ya anayetekenywa, na huyo akiondolewa, nao haupo tena. Akasema kwamba ladha, harufu na rangi ni za namna hiyo. Mwishoni mwa karne ile Mwingereza John Locke alilipanga wazo hilo kwa utaratibu zaidi: umbo, ukubwa na mwendo ni sifa za vitu vyenyewe, ilhali rangi, ladha, joto na baridi ni athari ambazo vitu huzizusha ndani yetu. Mfano wake mmoja kila mtu anaweza kuujaribu nyumbani. Chukua mkono mmoja ulio baridi na mwingine ulio na joto, uitumbukize yote miwili katika beseni moja la maji ya uvuguvugu. Maji yale yale yatakuwa ya moto kwa mkono huu na ya baridi kwa ule. Hayawezi kuwa yote mawili yenyewe kwa yenyewe. Kwa kipimo hicho, mlango wa Bibi haukuwa wa buluu wala wa kijani. Ulikuwa mbao na rangi ya mafuta inayorudisha mwanga wa namna fulani, na ubuluu ulikuwa jambo letu sisi tuliosimama mbele yake.

Ningetamani hoja iishie hapo, kwa sababu mpaka hapo mlango bado upo. Lakini mwaka 1710 kijana wa Ireland mwenye umri wa miaka 25, George Berkeley, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba huwezi kuiondoa rangi kisha ukabakiza umbo. Hoja zile zile zinazoitoa rangi kwenye vitu hutoa na vinginevyo. Ukubwa wa mlango hubadilika ninapousogelea. Umbo lake hubadilika ninapoutazama ubavuni. Ulaini wake ni mwingine kwa kiganja changu na mwingine kwa siafu anayeupanda. Zaidi ya hayo, hakuna aliyewahi kuona umbo lisilo na rangi yoyote wala kugusa ukubwa usio na ugumu wala ulaini. Ukikiondolea kitu yote yanayotambuliwa na hisi, husalii na kitu kilichovuliwa nguo. Husalii na kitu kabisa. Kwa Berkeley, kuwapo kwa vitu vya hisi ndiko kutambuliwa kwao, na maada ile inayodaiwa kujificha nyuma ya rangi na ugumu ni neno tupu ambalo wanafalsafa wamelizoea.

Watu wengi humcheka Berkeley kabla ya kumsoma. Samuel Johnson, yule mtunzi wa kamusi ya Kiingereza, alipoambiwa mwaka 1763 kwamba hoja zake haziwezekani kupingwa, alilipiga teke jiwe kubwa na kutangaza kwamba amezipinga hivyo. Mimi simcheki Berkeley, na sidhani teke lile lilimfikia. Maumivu ya mguu ni hisia kama zilivyo hisia nyingine, na Berkeley hakukana kamwe kwamba mtu akipiga jiwe teke ataumia. Alichokana ni kwamba maumivu hayo yanathibitisha kuwapo kwa kitu kisichohisiwa na yeyote. Na alipoulizwa kinakwenda wapi kitu kisipotazamwa, alijibu kwamba hakiendi popote, kwa kuwa Mungu anaona kila kitu wakati wote.

Karne sita kabla ya Berkeley, shaka hii ilikuwa imemtia katika maradhi mtu ambaye jina lake si geni kwa yeyote aliyekaa darsani katika pwani yetu. Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika Uajemi aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu alichokiandika miaka ya mwisho ya uhai wake jinsi alivyoamua kuchunguza ni elimu gani isiyoweza kutiwa shaka. Alianza na macho, akiyahesabu kuwa yenye nguvu kuliko hisi zote, akayatolea mifano miwili ya kukosea kwake. Kivuli ukikitazama kimetulia, macho hukata hukumu kwamba hakisogei; baada ya saa moja unajua kwamba kilikuwa kikisogea muda wote, hatua kwa hatua, bila kusimama hata kidogo. Na nyota huonekana ndogo kama dinari, ilhali hesabu za wanajimu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia.

Mfano wa kivuli hunigusa kuliko ule wa nyota, kwa kuwa nimekulia mahali ambapo wazee walikuwa wakikisoma kivuli ili kujua alasiri imeingia. Bibi mwenyewe alikuwa akitazama kivuli cha ukuta wa uani kilipofika juu ya jiwe la kufulia, akasema, "Wakati umeingia." Hakuwahi kukiona kikitembea. Alikiona pale, na baadaye akakiona hapa, na kati ya pale na hapa akili yake ndiyo iliyojaza safari.

Ghazali hakuishia hapo. Alisema kwamba hisi zilimjibu: ulikuwa ukituamini, kisha akaja hakimu wa akili akatukadhibisha, una hakika gani kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye akijitokeza ataikadhibisha akili nayo? Na ndoto ikaliongezea nguvu swali hilo, kwa kuwa mwenye kuota hana shaka na anachokiona mpaka aamke. Hali hiyo ilimshika karibu miezi miwili, na anakiri kwamba hakupona kwa hoja wala kwa mpangilio wa maneno, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake. Nauheshimu sana ukiri huo. Mwanachuoni aliyekuwa na hoja nyingi kuliko watu wote wa zama zake anatuambia kwamba hapa hoja hazikutosha.

Mimi sikujaliwa nuru ya namna hiyo katika jambo hili, wala sina elimu yake. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya Bibi katika miaka yake ya giza, na kwa muda mrefu sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na kitu cha kunisaidia.

Katika miaka ile aliijua nyumba yote kwa mikono na miguu. Alijua idadi ya hatua kutoka kitandani hadi kisimani, alijua bakuli lipi lina ufa, na aliweza kupika wali bila msaada wa mtu. Siku moja mjomba wangu alikihamisha kinu kutoka pembeni mwa jiko akakiweka karibu na mlango, akasahau kumwambia. Bibi alikikwaa, akaanguka, akachubuka goti. Alipoinuka maneno yake ya kwanza hayakuwa ya kulalamikia goti. Alisema, "Kinu kilikuwa kule," na akanyoosha kidole pale pale kilipokuwa.

Nimeitafakari sana ajali hiyo ndogo. Ikiwa nyumba ya Bibi katika miaka ya giza ilikuwa ndani ya akili yake tu, basi ndani ya nyumba hiyo kinu kilikuwa pembeni mwa jiko. Hapakuwa na hisia yoyote iliyomwambia kwamba kimehama; yote aliyokuwa nayo yalimwambia kwamba njia ni nyeupe. Kilichomwangusha hakikuwamo katika chochote alichokuwa akikihisi. Goti lililochubuka lilikuwa hisia, na hapo Berkeley ana haki, lakini kabla ya hisia hiyo kulikuwa na kosa, na kosa ni kitu cha ajabu. Mtu hawezi kukosea peke yake. Ili ramani iwe na makosa lazima kuwe na kitu ambacho ramani hiyo inakihusu na ambacho hakikubaliani nayo. Udhaifu wa hisi, ule uliomtia Ghazali katika maradhi na ambao mimi niliuona katika macho ya Bibi, kwa muda mrefu niliuchukua kuwa ushahidi dhidi ya ulimwengu. Nilianza kuuona kama ushahidi kwa upande wake.

Kisha nikakutana na swali la William Molyneux. Huyu alikuwa msomi wa Dublin ambaye mkewe alipoteza kuona muda mfupi baada ya ndoa yao, na mwaka 1688 alimwandikia Locke barua akimuuliza: mtu aliyezaliwa kipofu, aliyejifunza kutofautisha tufe na mchemraba kwa kuvigusa, akijaliwa kuona siku moja, je, ataweza kusema kwa kutazama tu, bila kugusa, lipi ni tufe na upi ni mchemraba? Molyneux mwenyewe alijibu hapana, na Locke akakubaliana naye katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1694. Berkeley pia alijibu hapana, kwa sababu kwake vitu vya macho na vitu vya mkono ni mali za aina mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1728 daktari mpasuaji wa London, William Cheselden, alitoa taarifa ya mvulana wa miaka 13 hivi aliyemtoa mtoto wa jicho aliyekuwa naye tangu utotoni. Mvulana yule mwanzo alidhani kila anachokiona kinamgusa macho, na hakuweza kutambua umbo la kitu chochote. Alikuwa akisahau yupi ni paka na yupi ni mbwa, na aliona haya kuuliza kila mara. Siku moja akamkamata paka, akampapasa, huku akimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akamweka chini na kumwambia kwamba safari nyingine atamjua. Karibu karne tatu baadaye Pawan Sinha na wenzake, kupitia mradi unaowatibu watoto vipofu nchini India, waliwapima watoto watano wenye umri kati ya miaka 8 na 17 ndani ya saa 48 baada ya upasuaji. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yanaonyesha kwamba watoto hao waliweza kulinganisha vitu viwili kwa kuvitazama, na waliweza kulinganisha viwili kwa kuvigusa, lakini walipotakiwa kutambua kwa macho kile walichokigusa, walikuwa karibu na kubahatisha. Baada ya siku chache tu uwezo huo ulianza kuonekana.

Majibu ya Molyneux, Locke na Berkeley yakawa yamethibitika, na mtu anaweza kuuchukulia huo kuwa ushindi wa Berkeley. Mimi nausoma kinyume chake. Jicho na mkono ni wageni wawili wasiojuana. Hawana lugha moja, hawakulelewa pamoja, na kwa watoto wale mmoja alifika miaka mingi baada ya mwenzake. Lau kila kimoja kingekuwa kinatunga hadithi yake ndani ya nafsi, hakungekuwa na sababu ya hadithi hizo mbili kukubaliana siku yoyote. Lakini zinakubaliana, na kwa haraka ya siku chache, mpaka kwenye pembe za mchemraba. Mvulana wa London hakuwa anamfundisha paka awe paka. Alikuwa analifundisha jicho lake kile ambacho mkono ulikuwa umekwisha kukijua.

Waliosoma elimu ya hadithi za Mtume wanaijua istilahi ya mutawatir: habari iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka, hata ikawa muhali kwa kawaida wote wawe wamekubaliana kusema uongo. Nguvu ya habari hiyo haitoki kwa mpokezi mmoja mmoja, ambaye anaweza kusahau au kukosea. Inatoka katika kutojuana kwao. Ghazali, ambaye alikuwa bingwa wa misingi ya sheria pia, aliijadili kwa kina namna hiyo ya kupata yakini. Nashangaa kwamba hakuitumia katika miezi ile ya maradhi, ingawa sababu yake inaeleweka: aliyekwisha kuyatilia shaka macho na masikio hana njia ya kuwasikia mashahidi.

Hata hivyo sayansi imetumia njia hiyo hiyo kuvifikia vitu ambavyo hisi haziwezi kuvigusa kabisa. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria aliyefundisha kwamba kazi ya sayansi ni kupanga hisia zetu na si zaidi, alikataa kwa miaka mingi kuziamini atomu, kwa kuwa hakuna hisi inayozifikia. Katika msimamo wake hakuwa mjinga. Alikuwa mwaminifu kwa shaka ile ile ya Berkeley. Mwaka 1913 Mfaransa Jean Perrin alikusanya njia zaidi ya kumi za kukadiria idadi ya chembe katika kiasi maalumu cha maada: mtukutiko wa vumbi ndani ya tone la maji, ubuluu wa anga, mionzi ya radiumu, mwanga wa vitu vilivyopashwa moto na nyinginezo. Hakuna uhusiano wa dhahiri kati ya ubuluu wa anga na vumbi linalocheza majini, lakini njia zote zilikusanyika karibu na namba moja.

Mfano mwingine naupenda zaidi, kwa kuwa umepita juu ya vichwa vyetu. Tarehe 23 Februari 1987 mitambo mitatu iliyofukiwa chini ya ardhi, mmoja Japani, mwingine Marekani katika mgodi wa chumvi, na wa tatu katika milima ya Kaukasi, ilinasa kwa sekunde chache nyutrino zipatazo 24. Nyutrino ni chembe zinazopenya miili na milima kama vile hakuna kitu. Zilitoka katika nyota iliyolipuka umbali wa miaka ya mwanga kama 168,000, na mwanga wa mlipuko huo ulianza kufika saa kama tatu baadaye, ukaonekana kwa macho matupu katika nusu ya kusini ya dunia. Mtu wa Pangani angeweza kuiona nyota hiyo upande wa kusini, chini kidogo angani. Bibi wakati huo alikuwa bado na macho mazima. Mabilioni ya nyutrino zile yalipita katika kila sentimeta ya mraba ya mwili wake akiwa jikoni au uani, na hakuhisi kitu. Hakuna mwanadamu aliyehisi kitu, na hata waliokuwa na mitambo waligundua baadaye, walipofunua kumbukumbu zake. Lakini mitambo mitatu isiyoshauriana na macho ya wanajimu wa Chile, ambayo hayakuishauri mitambo hiyo, yalitoa habari moja.

Najua kwamba mwenye shaka bado ana neno. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, mwaka 1641, alidhania kuwapo kwa roho mwovu mwenye uwezo na hila ambaye ameiweka juhudi yake yote katika kumdanganya. Roho wa namna hiyo anaweza kuwapanga mashahidi wote, wa Japani na wa Chile, jicho na mkono, kinu na goti. Siwezi kuthibitisha kwamba hayupo. Ninachoweza kusema ni kwamba akiwapo, yupo nje yangu. Vivyo hivyo Mungu wa Berkeley, anayeushikilia mlango usipotazamwa na mtu, hakuumbwa na akili ya Berkeley. Na nuru ya Ghazali, kwa kauli yake mwenyewe, ilitupwa kifuani mwake kutoka kwa mwingine. Katika watu wote niliowasoma, hata wale walioibomoa dunia mpaka msingi, sijaona aliyebaki peke yake. Wanabishana kuhusu kilichoko nje kimeumbwa kwa kitu gani. Hilo ni swali kubwa, lakini ni jingine.

Kinachobaki ni ndoto, na hapa lazima niseme kweli kwamba sijamaliza. Katika ndoto pia nashangazwa, najikwaa, nakutana na watu wanaonijibu nisiyoyatarajia, na yote yanatoka kwangu mwenyewe. Kwa hiyo mshangao peke yake hautoshi. Tofauti ninayoiona ni kwamba ndoto haitunzi hesabu. Nyumba ya ndotoni haina kinu kitakachokutwa kesho mahali kilipoachwa leo, na ndoto haijawahi kunifundisha kitu ambacho baadaye mtu mwingine, kwa njia asiyoijua yeyote kati yetu, alikikuta hivyo hivyo. Mtu anaweza kuniambia kwamba hii nayo ni ndoto ndefu yenye hesabu nzuri. Sina hoja ya kumfunga mdomo. Namwona tu kama mtu anayeibadilisha maana ya neno ndoto mpaka likawa jina jingine la ulimwengu.

Bibi alifariki mwaka 2014. Hakuwahi kukubali kwamba mlango ule ulikuwa wa buluu siku zote, nami sikuwahi kuacha kumweleza habari za lenzi ya manjano, kwa upole na kwa hakika ya mtu aliyesoma. Mwaka 2019 mvua zilikuwa zimeufanya mlango kuvimba upande wa chini, ukawa unakwama kizingitini, tukamwita fundi seremala. Aliung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya mabenchi mawili, akaanza kupiga randa. Nilikuwa nimekaa barazani ya uani nikinywa chai. Tabaka la kwanza lililoruka lilikuwa la buluu. Chini yake, kabla ya kufika kwenye mbao, lilitokea la kijani.

Nilisimama, nikamwomba fundi aache kwanza. Nilikwangua kwa kisu mahali patatu, na pote kijani kilikuwapo, kimekolea, kama rangi iliyopakwa jana. Nilimpigia simu mjomba, nikampigia shangazi aliye Tanga mjini. Kila mmoja aliukumbuka mlango wa buluu tu, na hakuna aliyejua nani aliupaka wala mwaka gani. Huenda Bibi aliuona wa kijani kwa sababu ya macho yake, kama nilivyomwambia. Huenda alikuwa anaukumbuka wa kijani kwa sababu alikuwapo siku ulipopakwa hivyo. Huenda yote mawili. Mimi sikuwa nimewahi kukihisi kile kijani kwa hisi yoyote, nilikuwa nimekikana kwa miaka saba mbele ya mtu pekee aliyekijua, na muda wote huo kilikuwa pale, chini ya kiganja changu kila nilipousukuma mlango kuingia jikoni.

Nilimwambia fundi apunguze upande wa chini tu, kisha tukaupaka buluu tena, isipokuwa ubavuni, upande wa bawaba, ambako nilimwomba akwangue mpaka kwenye kijani na asipake kitu. Mlango ukiwa wazi, utauona ukanda wenye upana wa kidole kuanzia bawaba ya juu hadi ya chini. Ukiufunga, hauonekani.